Kesi Yangu Itatajwa Lini?

Mhadhara kuhusu haki ya mgonjwa wa akili aliyetenda kosa kurudi mbele ya mahakama



Nianze na swali nililoulizwa miaka mingi iliyopita, nilipokuwa wakili mchanga. Nilikwenda gerezani kuonana na mteja wangu aliyekuwa na rufani. Nikiwa nasubiri aletwe, mzee mmoja aliyekuwa akifagia ukumbi aliegemeza ufagio ukutani, akanisogelea, akaniamkia mimi niliyepaswa kumwamkia yeye. Kisha akauliza: "Mwanangu wakili, kesi yangu itatajwa lini?" Nikamwomba namba ya kesi. Hakuikumbuka. Askari aliyekuwa karibu akaniambia kwa sauti ya chini, wala si kwa ubaya, "Huyo hana kesi, wakili. Kesi yake iliisha zamani. Yeye ni wa akili."

Nililala na maneno yale. Mteja wangu alikuwa amefungwa miaka saba, na kila asubuhi aliijua siku aliyobakiza. Mzee yule mahakama ilikuwa imeona kwamba alitenda tendo aliloshtakiwa akiwa hana akili timamu, kwa hiyo hakuadhibiwa. Lakini asiyeadhibiwa ndiye aliyekuwa hana tarehe ya kutoka. Aliyeonekana na hatia alikuwa na cha kuhesabu. Aliyeonekana mgonjwa hakuwa nacho.

Leo nataka tulijibu swali la mzee yule. Nitasema jambo moja, na mengine yote yatalizunguka: uamuzi wa mahakama kuhusu ugonjwa wa akili huchacha kama chakula. Ukiwekwa bila kuangaliwa tena, hauwezi kuendelea kumlisha mtu haki.

Rufaa na rufani

Kiswahili chetu kimetupa msaada ambao wanasheria hatujautumia. Mgonjwa akizidiwa kwenye zahanati, hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Mtu asiporidhika na uamuzi wa mahakama ya chini, hukata rufani kwenda mahakama ya juu. Wakenya hutumia neno rufaa kwa yote mawili. Ni wazo moja: jambo hili limenishinda, au nimeliona kwa jicho moja, basi alitazame mwenye uwezo zaidi.

Mgonjwa wa akili aliyetenda kosa ndiye mtu anayezihitaji rufaa zote mbili kwa wakati mmoja. Anahitaji daktari atakayemwona upya, na anahitaji hakimu au jaji atakayemsikiliza upya. Mara nyingi hupata nusu ya moja, na ya pili haipati kabisa.

Tuangalie sheria yetu ya Tanzania. Kanuni ya Adhabu humchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, kisha ikaweka utetezi kwa yule ambaye ugonjwa ulimnyima uwezo wa kuelewa atendalo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ikaeleza njia ya kufuata. Utetezi huo ukijitokeza, mahakama humpeleka mshtakiwa hospitali ya wagonjwa wa akili achunguzwe, na daktari mfawidhi hupewa siku 42 kuandika taarifa na kuirudisha mahakamani. Ikithibitika kwamba alitenda tendo lile akiwa amerukwa na akili, mahakama hutoa uamuzi maalumu: alitenda, lakini kwa sababu ya ugonjwa hana hatia. Hapo ndipo kumbukumbu za shauri hupelekwa kwa Waziri, na mhusika hubaki hospitali, gerezani au mahali pengine pa usalama, akisubiri amri.

Wanafunzi wa sheria, zitazameni vizuri siku hizo 42. Bunge liliona kwamba mtu asiachwe hospitali bila kikomo akisubiri kuchunguzwa, likahesabu siku. Sheria ileile, baada ya uamuzi kutolewa, haihesabu tena siku za kumrudisha mahakamani. Kabla ya uamuzi saa iko mikononi mwa mahakama. Baada ya uamuzi imehamia ofisini, na mgonjwa haioni.

Tulivyorithi neno la mfalme

Utaratibu huu haukuzaliwa Dodoma wala Nairobi. Una tarehe ya kuzaliwa, na ni vizuri tuijue, kwa sababu jambo likijulikana lilivyoanza huacha kuonekana kama amri ya Mungu.

Tarehe 15 Mei 1800, katika ukumbi wa maigizo wa Drury Lane jijini London, askari wa zamani aitwaye James Hadfield alimfyatulia risasi Mfalme George III. Hakumpata. Hadfield alikuwa na majeraha makubwa ya kichwa ya vitani na imani za ajabu zilizomtawala. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia kwa sababu ya ugonjwa. Bunge likashtuka, likatunga upesi sheria ya kumzuia, ikamgusa hata yeye ambaye kesi yake ilikuwa imekwisha. Sheria ile iliruhusu mtu kama yeye kuwekwa kizuizini mpaka itakapojulikana radhi ya mfalme. Hadfield alikaa kizuizini karibu muda wote uliobaki wa uhai wake, akafia katika hospitali ya Bethlem mwaka 1841.

Mwaka 1843 ikaja kesi ya Daniel M'Naghten, aliyemuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Majaji wakaweka kipimo cha kurukwa na akili ambacho, kwa kupitia sheria za jinai za India na za kikoloni, kimefika mpaka kwenye vitabu vyetu. Kisha mwaka 1882 Roderick Maclean akamfyatulia risasi Malkia Victoria katika stesheni ya Windsor. Alipoonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, Malkia alikasirika: vipi asiwe na hatia mtu ambaye watu walimwona akifyatua? Mwaka uliofuata Bunge likambadilishia maneno. Tangu hapo uamuzi ukawa "ana hatia, lakini ni mwendawazimu."

Maneno hayo yalileta mtego. Mwaka 1914, katika shauri la Felstead, mtu aliyepewa uamuzi huo alitaka kukata rufani. Baraza la Malodi likamwambia kwamba, ingawa maneno yanasema ana hatia, kisheria ameachiwa. Na aliyeachiwa hana cha kukatia rufani. Tafakarini hali hiyo. Mlango umefungwa kwa nje, na mtu aliye ndani anaambiwa hawezi kulalamika kwa sababu ameshinda kesi. Waingereza wenyewe waliuondoa mtego huo mwaka 1964, wakarudisha maneno ya "hana hatia" na kufungua njia ya rufani. Kenya, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ilibaki na maneno ya Malkia Victoria katika kifungu cha 166 cha sheria yake ya mwenendo wa jinai, na pale alipokuwa mfalme akawekwa Rais.

Majaji walioanza kufungua mlango

Chini ya kifungu hicho cha Kenya, taarifa kuhusu mgonjwa huandaliwa baada ya miaka mitatu tangu amri ya Rais, kisha kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo hesabu ipo. Lakini taarifa haiendi mahakamani, na mwenye kuandikwa ndani yake hasikilizwi.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya huko Meru ilikitazama kifungu jirani, cha 167, kinachomhusu mshtakiwa asiyeweza kufuatilia kesi yake, na ikakiona kinakwenda kinyume cha Katiba kwa kumfanya mgonjwa mfungwa asiye na kikomo. Mwaka 2018 huko Kisumu, Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, alikigusa kifungu cha 166 chenyewe. Hoja yake ni rahisi kueleza hata kwa mtoto wa shule: kuamua mtu akae kizuizini muda gani ni kazi ya mahakama, na mahakama haiwezi kumkabidhi Rais kazi hiyo, hata Rais awe mwema kiasi gani.

Uganda walikuwa wametangulia. Mwaka 2015 Jaji Batema wa Mahakama Kuu huko Fort Portal alipokea ombi la mtu aliyekuwa ameonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, akabaki gerezani miaka akisubiri amri ya Waziri isiyofika. Jaji alisema kusubiri huko hakuna nafasi chini ya Katiba: mahakama iliyotoa uamuzi ndiyo inayopaswa kutoa amri, na kuirudia. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri ambalo mmoja wa walalamikaji alikuwa CEHURD, shirika la kutetea afya na haki za binadamu, ilitengua baadhi ya vifungu vya aina hiyo, na ikaondoa katika sheria ya jinai maneno ya matusi yaliyokuwa yakitumiwa kuwataja watu wenye ulemavu wa akili.

Nataka pia niwapeleke Gambia. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua shauri la Purohit na Moore, watetezi wawili waliolalamika kwa niaba ya wagonjwa wa wodi ya Campama mjini Banjul. Wagonjwa wale hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa lolote. Walizuiliwa chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1917 ambayo haikuwa na njia yoyote ya kupinga kuzuiliwa. Gambia ilijitetea kwamba walikuwa na haki ya kwenda mahakamani kama raia wengine. Tume ikauliza: kwa msaada wa nani, ikiwa wakili anayelipwa na serikali hutolewa kwa wenye mashtaka ya kunyongwa tu? Ikakuta kwamba Mkataba wa Afrika umevunjwa. Makao makuu ya Tume hiyo yako Banjul, mji uleule wa wagonjwa wale. Chombo cha haki kuwa karibu na mgonjwa hakusaidii kitu kama hakuna wa kumshika mkono ampeleke.

Rufani hutazama nyuma, mapitio hutazama mbele

Hapa nataka wanasheria tuwe makini, maana tunachanganya mambo mawili.

Rufani ya kawaida huuliza: je, mahakama ya chini ilikosea siku ile? Hutazama ushahidi wa siku ile, mashahidi wa siku ile, daktari wa siku ile. Kwa mwizi hilo linatosha, kwa sababu kuiba kwake hakubadiliki kwa kupita miaka. Lakini ugonjwa hubadilika. Mtu aliyekuwa akisikia sauti zikimwamuru kuua, akipata dawa sahihi na wauguzi wanaomfuatilia, anaweza baada ya miaka miwili kukaa mezani na kueleza kwa uchungu kile alichokifanya. Uamuzi wa siku ile ulikuwa sahihi. Leo umechacha. Rufani haiwezi kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyekosea. Anachohitaji ni mapitio: mahakama iulize, leo, je, bado ni mgonjwa kwa kiwango cha kumzuia?

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, na kuna mawili tunayoweza kujifunza huko. La kwanza ni shauri la mwaka 1981 la mgonjwa wa hospitali ya Broadmoor, aliyetajwa kwa herufi X tu. Alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani kwa masharti, kisha akarudishwa hospitali kwa amri ya Waziri. Mahakama za Uingereza ziliweza kukagua kama amri ile imesainiwa kwa utaratibu, lakini hazikuweza kuuliza kama mtu huyu kweli bado ni mgonjwa. Mahakama hiyo ya Ulaya ikasema ukaguzi wa karatasi hautoshi. Uingereza ikabadili sheria, ikalipatia baraza huru uwezo wa kumwachia mgonjwa wa aina hiyo badala ya kumshauri Waziri tu.

La pili ni shauri la Herczegfalvy dhidi ya Austria, la mwaka 1992. Kuzuiliwa kwa mgonjwa yule kulipitiwa kwa vipindi vitatu: miezi 15, kisha miaka miwili, kisha miezi tisa. Mahakama ikasema vile viwili vya kwanza havikubaliki kwa urefu wake. Wekeni hesabu hiyo pembeni ya miaka mitatu na miwili ya kifungu cha Kenya, na pembeni ya sheria yetu isiyompa mgonjwa tarehe yoyote ya kurudi mahakamani, muone tulipo.

Ndani ya wodi

Shauri hilohilo la Austria lina upande mwingine unaoniumiza. Mgonjwa alikuwa amefungwa pingu kitandani kwa majuma kadhaa na kulishwa kwa nguvu. Mahakama haikuona kwamba aliteswa, kwa kuwa matabibu walisema tiba ililazimu. Sikubaliani na hitimisho hilo. Mgonjwa aliyefungwa hawezi kuwa na shahidi. Anayemfunga, anayeandika faili na anayetoa ushahidi ni ofisi moja. Ndiyo maana naamini mapitio ya mahakama yasiishie kwenye swali la atoke au asitoke. Yaulize pia anatibiwaje: dawa anazipata? Anazielewa? Amewekwa peke yake mara ngapi, na kwa saa ngapi? Amewahi kuonwa na daktari bingwa, au miaka yote anaongezewa karatasi ya dawa ileile?

Ndugu wauguzi, sisemi haya kuwashtaki. Najua hali ya kazi yenu. Najua katika wodi ya ulinzi muuguzi mmoja anaweza kuwa na wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka kwa majina, na kwamba ninyi ndio mnaojua nani amepona na nani bado, kabla ya daktari na kabla ya jaji. Ninachotaka ni sauti yenu isikike mahali penye nguvu ya kuamua. Leo mnaandika taarifa nzuri na hamjui inasomwa na nani. Mkijua kwamba tarehe fulani jaji ataisoma na kuwauliza maswali, taarifa hiyo itaheshimiwa, na uhaba wenu wa dawa na watu utaandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama, ambako si rahisi kuupuuza.

Hofu ya jamii

Nisiwadanganye kwamba upande wa pili hauna hoja. Mara nyingi aliyeuawa ni wa nyumbani: mama, mke, mtoto, jirani. Familia inaomboleza mtu mmoja na inamwogopa mwingine, na wote wawili ni wake. Nimekaa na baba aliyeniambia, "Mwanangu namwombea apone, lakini asirudi hapa." Sikuwa na jibu la haraka la kumpa, na sikumlaumu.

Ninachomwambia baba huyo, nikipata nafasi tena, ni hiki. Mapitio si kufungua lango. Jaji anaweza kusema: huyu bado, arudi wodini, tuonane baada ya miezi sita. Anaweza kusema: atoke kwa masharti, aende kliniki kila mwezi, asikaribie nyumba ile, na akiacha dawa arudishwe. Kwa mtu aliyezuiliwa na kusahauliwa, hakuna aliyepanga lolote. Siku serikali itakapochoka kumtunza, au gereza litakapojaa, anaweza kutoka bila kliniki, bila mganga, bila mtu wa kumpokea. Familia inalindwa zaidi na utaratibu unaojulikana kuliko na ukimya.

Kuna jambo jingine linaloongeza hofu, nalo ni ulimi wetu. Mirembe, Mathari, Kidongo Chekundu: majina ya hospitali yamekuwa matusi. Mtoto akikosea hesabu huambiwa apelekwe Mirembe. Tukiwa tumefanya jina la hospitali kuwa dhihaka, tusishangae kwamba aliyetoka huko hapati chumba cha kupanga wala kibarua, na kwamba akinyamaza tu mtaani watu hukimbilia kumwita polisi.

Tunachoweza kufanya

Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri utajiri wa nchi.

Kwanza, tarehe. Kila uamuzi maalumu uandikwe pamoja na tarehe ya shauri kurudi mahakamani, na isizidi miezi sita. Aliyeweza kuhesabu siku 42 anaweza kuhesabu na hizi.

Pili, wakili. Kenya ilitunga sheria ya msaada wa kisheria mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Mgonjwa aliyezuiliwa kwa uamuzi maalumu awe miongoni mwa watu wa kwanza kunufaika, kwa sababu hawezi hata kuandika barua ya kuomba msaada huo. Na mawakili vijana, mkienda gerezani kumwona mteja mmoja, ulizeni: nani yupo hapa ambaye kesi yake iliisha lakini hakutoka?

Tatu, daktari wa pili. Anayemtibu asiwe shahidi pekee wa hali yake. Daktari mwingine amwone na atoe maoni yake.

Nne, lugha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania. Basi mgonjwa asomewe uamuzi wake kwa maneno anayoyaelewa, aelezwe kwamba hakuadhibiwa, kwa nini anazuiliwa, na lini atasikilizwa tena. Katiba yetu, ibara ya 13, inampa kila mtu nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Haikusema kila mtu mwenye afya.

Sikumwona tena mzee yule. Niliporudi gerezani miezi kadhaa baadaye, ukumbi alikuwa akiufagia mtu mwingine, na nilipouliza, kila mtu alinielekeza kwa mwenzake. Hilo ni kosa langu pia, kwa sababu siku ile nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika jina lake.

Wanafunzi wangu, mtakapokuwa majaji, mawakili, madaktari na wauguzi, mtakutana na mtu kama yule, na atawauliza swali lilelile. Msimwambie hana kesi. Andikeni jina lake, tafuteni faili lake, mrudi kwake na tarehe.